Taaluma ya Kutazamia Mbele na Uchumi wa Taifa: Mfano wa Zao la Katani

Mwaka 1964 mashamba ya mkonge ya Tanganyika, tangu Tanga na Korogwe hadi Morogoro, Kilosa na Lindi, yalitoa takriban tani 230,000 za katani. Kiasi hicho kilikuwa hakijapata kufikiwa kabla ya hapo, wala hakijafikiwa tena hadi leo. Nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo, na zao hilo nalo lilikuwa la kwanza kwa kuliingizia taifa fedha za kigeni. Mtu aliyesimama mwaka ule kando ya reli ya Tanga, akayatazama mabehewa yakiteremka bandarini na marobota yake, angekuwa na kila sababu ya kuamini kwamba utajiri ule ni wa kudumu.

Lakini miaka 10 kabla ya kilele hicho, mwezi wa Machi 1954, jambo lilikuwa limetokea katika maabara moja huko Milano, Italia. Profesa Giulio Natta na wasaidizi wake, wakitumia vichocheo vya aina iliyogunduliwa muda mfupi nyuma na Karl Ziegler wa Ujerumani, walifaulu kuziunganisha molekuli za propilini, gesi ipatikanayo kwa wingi mafuta ya petroli yanaposafishwa, zikawa mnyororo mrefu wenye mpangilio mmoja. Wakapata polipropilini: plastiki imara, nyepesi kuliko maji, isiyooza, na inayoweza kuvutwa ikawa uzi. Mwaka 1957 kiwanda cha kuitengeneza kilianza kazi huko Ferrara. Mwaka 1963 Natta na Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel. Na katika miaka hiyohiyo ya 1960 wakulima wa Ulaya na Marekani, ambao siku zote walinunua kamba za katani ili mashine zao zifungie nyasi kavu za mifugo, wakaanza kuletewa kamba za polipropilini madukani. Bei ya katani, iliyokuwa imepanda sana mwaka 1963 na 1964, ikaporomoka. Kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilitoa tani zipatazo 20,000 tu kwa mwaka.

Yafaa msomaji azitazame tarehe hizo kwa makini. Ugunduzi wa Milano haukuwa siri. Uliandikwa katika majarida ya kemia, ukasajiliwa katika ofisi za hataza, ukatangazwa na kiwanda, na hatimaye ukapewa tuzo mbele ya ulimwengu mzima. Mkonge nao ni mmea wa subira: hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka ipatayo mitatu, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingine saba au zaidi mpaka utoe mlingoti na kufa. Kwa hiyo mkonge uliopandwa mwaka 1958, wakati kiwanda cha Ferrara kimekwisha kuanza kazi, ulikuwa bado unakatwa bei zilipoanguka. Kila aliyeagiza miche ipandwe mwaka ule alikuwa, bila kujua, akibashiri kuhusu hali ya miaka 10 ijayo. Alipaswa kumwuliza mwanakemia.

Mimi nilikulia wilaya ya Muheza katika miaka ya 1980, wakati korona nyingi zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Tulicheza juu ya vijireli vya shamba vilivyomezwa na majani, na wazee waliokuja zamani kama manamba kutoka mikoa ya mbali walikuwa wamebaki palepale, bila kazi na bila nauli ya kurudi kwao. Hao ndio waliolipa gharama ya swali ambalo halikuulizwa. Nia ya makala haya ni kueleza taaluma iliyobuniwa ili maswali ya namna hiyo yaulizwe mapema, jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini nchi inayotaka uchumi wenye miguu mingi haiwezi kuiacha.

Kutazamia, kutabiri na kupanga

Lugha yetu yenyewe inatutega hapa. Neno kutazamia lina maana ya kutarajia, lakini watu wa zamani walilitumia pia kwa kazi ya mwenye bao na mwenye kusoma nyota. Si ajabu basi kwamba mhadhiri akizungumza juu ya kutazamia mbele, wasikilizaji wengine hucheka na kumwuliza kama amekuja na ramli yake. Taaluma ninayoieleza haidai kujua litakalotokea. Inadai jambo dogo zaidi: kwamba yapo mambo mengi ya kesho ambayo leo yamekwisha kuota mizizi, na kwamba mtu akiyatafuta kwa utaratibu atayaona mengi kuliko anayesubiri.

Ni vema kuitofautisha na jamaa zake wawili. Wa kwanza ni utabiri wa takwimu. Mtakwimu huchukua hesabu za miaka iliyopita, akachora mstari, akauendeleza mbele. Njia hii hufaa sana kwa mambo yanayobadilika polepole, mathalani idadi ya watoto watakaohitaji madarasa baada ya miaka saba; watoto hao wamekwisha kuzaliwa. Lakini mtakwimu aliyechora mstari wa katani kuanzia mwisho wa Vita vya Pili hadi 1964 angeona mstari unaopanda, na angeapa kwamba utaendelea kupanda. Hesabu za mkonge hazikuwa na habari za polipropilini. Ilibidi habari hiyo itoke nje ya hesabu, kwa mtu wa fani nyingine kabisa.

Jamaa wa pili ni mipango na dira. Tanzania ilikuwa na Dira ya Maendeleo ya 2025, na mwezi wa Julai 2025 ikazindua Dira ya 2050. Kenya nayo ina Ruwaza ya 2030. Hati hizo husema tunataka kufika wapi. Jambo hilo ni la lazima, lakini nahodha anayejua bandari aendako bado anahitaji mtu wa kukaa juu ya mlingoti na kutazama miamba. Taaluma ya kutazamia huuliza: njiani kuna nini, nani mwingine anaelekea bandari ileile, na je, tutakapofika bandari hiyo itakuwa bado inanunua shehena tuliyobeba?

Njia ya Delfi

Njia iliyoenea kuliko zote ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1950, katika shirika la utafiti liitwalo RAND, huko California. Waanzilishi wake, Olaf Helmer na Norman Dalkey, walikabiliwa na tatizo ambalo kila aliyepata kukaa katika kamati analifahamu. Ukiwaweka wataalamu 12 katika chumba kimoja, anayesikilizwa ni mwenye cheo, au mwenye sauti kubwa, au aliyesema kwanza. Wengine hunyamaza kwa adabu au kwa woga, na mwisho wa mkutano husemwa kwamba wote wamekubaliana. Dawa waliyoitoa ilikuwa kuwatenganisha. Kila mtaalamu hupelekewa maswali yaleyale kwa maandishi, naye hujibu peke yake, bila kujua wenzake ni nani. Majibu hukusanywa, yakapangwa, kisha hurudishwa kwa wote yakiwa na hesabu yake. Na kila mmoja huombwa ayatazame majibu ya kundi, halafu aidha alibadili jibu lake au aeleze kwa nini halibadili. Hufanywa hivyo mara mbili, tatu au nne. Njia hiyo iliitwa Delfi, kwa jina la hekalu la Wagiriki wa kale lililokuwa mashuhuri kwa uaguzi, na kwa maoni yangu jina hilo limeiletea taaluma hii hasara kubwa kuliko faida.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme mwaka 1958 pangekuwako baraza la kuuliza maswali kwa njia hii, nalo likauliza: ni mwaka gani kamba zilizotengenezwa kwa kemikali zitakapochukua nusu ya soko la kamba za kufungia nyasi? Likawapelekea swali wanakemia, mameneja wa mashamba, mawakala wa kuuza katani Ulaya, wahandisi wa mashine za kilimo na wachumi. Meneja wa shamba angejibu: kamwe. Mwanakemia angejibu: 1968. Wakala angejibu: 1980, maana bei ya plastiki bado ni kubwa. Katika kamati ya kawaida meneja angeshinda, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mali na ndiye anayejua mkonge. Katika njia ya Delfi, meneja angeletewa karatasi ya pili na kukuta kwamba jibu la kati la kundi ni 1970, na kwamba mmoja wao, asiyemjua, ameandika: gesi yenyewe hupatikana pale mafuta yanaposafishwa, na viwanda vikiwa vingi gharama itashuka haraka. Pengine meneja angebaki na neno lake. Lakini aliyeagiza swali, awe waziri au mkurugenzi wa mipango, angekuwa na mbele yake hitilafu iliyo wazi kati ya watu wanaojua mkonge na watu wanaojua kemia. Faida kubwa ya Delfi, ambayo vitabu vingi huipita haraka, ni hiyo hitilafu. Palipo na hitilafu kubwa ya rai ndipo penye hatari iliyojificha, na ndipo pesa za utafiti zipasapo kupelekwa.

Kwa bahati ya ajabu, taarifa kubwa ya kwanza ya njia hii juu ya sayansi na teknolojia, iliyoandikwa na Theodore Gordon pamoja na Helmer, ilitolewa na RAND mwaka huohuo wa 1964.

Taifa lililoishika njia hii kwa bidii kuliko yote ni Japani. Utafiti wake wa kwanza wa Delfi ulikamilika mwaka 1971. Wataalamu kwa maelfu waliulizwa juu ya mamia ya mambo ya sayansi na ufundi kwa muda wa miaka 30 ijayo. Tangu hapo kazi hiyo imerudiwa kila baada ya miaka mitano hivi, na matokeo yake huchapishwa ili viwanda, vyuo na wizara viyasome. Baada ya miaka 20 Wajapani walirudi kuyapima majibu ya kwanza, wakakuta kwamba karibu theluthi mbili ya mambo yaliyotazamiwa yalikuwa yametimia, yote au kwa sehemu. Yapo pia yaliyokataa katakata, kama vile kutabiri matetemeko ya ardhi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini humo, profesa wangu alikuwa miongoni mwa waliopelekewa maswali. Nilimwona akinung'unika juu ya karatasi ya mzunguko wa pili, akalibadili jibu moja tu kati ya mengi, kisha akasema kwamba kilichomsaidia ni kujua wenzake wa fani nyingine wanahangaikia nini. Nadhani alisema kweli. Nchi ambayo wanasayansi wake, wenye viwanda na watumishi wa serikali hulazimika kila baada ya miaka michache kujibu maswali mamoja kwa wakati mmoja hupata lugha ya pamoja, hata kama nusu ya majibu ni makosa.

Picha mbalimbali za kesho

Ipo njia ya pili, ya masimulizi. Badala ya kuuliza jambo litatokea lini, watu huandika hadithi mbili, tatu au nne za siku zijazo, zote zikiwa na uwezekano, kisha mpango wa sasa hujaribiwa ndani ya kila hadithi ili ionekane utavunjika wapi. Kampuni ya mafuta ya Shell, kwa uongozi wa Mfaransa Pierre Wack, ilikuwa imekwisha kuandika hadithi ya bei ya mafuta kupanda ghafula kabla ya vita vya Oktoba 1973. Bei ilipoongezeka karibu mara nne hadi Januari 1974, wakubwa wake hawakuzubaa kama wenzao. Afrika Kusini nayo, katika mwaka 1991 na 1992, watu wa vyama na mirengo iliyopingana walikutana mahali paitwapo Mont Fleur wakaandika hadithi nne za nchi yao na kuzipa majina ya ndege na ya viumbe wa visasili: mbuni afichaye kichwa mchangani, bata kilema, Ikarusi aliyeruka juu mno, na korongo wekundu wanaoruka polepole lakini wote pamoja. Majina hayo yalieleweka hata na mtu asiyejua uchumi, na kwa shughuli ya namna hii hiyo si sifa ndogo.

Waliougua ugonjwa wetu wakapona

Mtu aweza kusema: hata kama mwaka 1958 tungejua, tungefanya nini? Swali ni la haki, na jibu lake liko Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia.

Malaya iliishi kwa mpira kama Tanga ilivyoishi kwa mkonge. Mwaka 1942 Japani iliiteka, na Marekani, ikiwa imekatiwa mpira wa miti, ikajenga kwa haraka viwanda vya mpira wa kemikali. Vita vilipokwisha viwanda havikubomolewa. Watu wa Malaya hawakuwa na haja ya mtabiri; mshindani wao alikuwa amekwisha kuzaliwa na jina lake wanalijua. Wakafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, waliendelea kuutafiti mpira wenyewe: miti ya zamani iking'olewa na kupandwa ile izaayo zaidi, na ubora ukipimwa na kuandikwa ili mnunuzi ajue anachonunua. Pili, walitafuta mguu mwingine. Shirika la kuendeleza ardhi lililoundwa mwaka 1956 lilianza kuwapa walowezi mashamba ya mpira, kisha katika miaka ya 1960 likageukia kwa nguvu mchikichi, mti wa asili ya Afrika Magharibi.

Kilichofuata kinafaa kusimuliwa kirefu kidogo. Mchikichi wa Malaya haukuzaa vizuri bila wafanyakazi kuchavusha maua kwa mkono, kazi ghali na ya kuchosha. Wengi walidhani upepo ndio uchavushao na kwamba hali ya Malaya haiufai. Watafiti walipokwenda Kamerun, kwao mti huo, waligundua kwamba kazi hiyo hufanywa na fukusi mdogo. Baada ya kumchunguza ili kuhakikisha kwamba hataharibu mimea mingine, walimpeleka Malaysia na kumwachia mashambani mwaka 1981. Akaenea upesi, na kazi ya mikono ikaachwa. Wakati huo taasisi ya taifa ya utafiti wa mafuta ya mawese ilikuwa imekwisha kuanzishwa, mwaka 1979, kwa kazi ya kutafuta nini kingine chaweza kutengenezwa kwa mafuta hayo: sabuni, siagi ya mimea, malighafi za viwanda vya kemikali. Leo sisi huagiza mafuta ya kula kutoka huko, ingawa Kigoma ina michikichi yake. Sisemi kwamba Malaysia haikulipa gharama. Misitu iliyokatwa ni mingi mno, na hilo nalo lilikuwa jambo la kutazamiwa. Ila mpira ulipoyumba, nchi haikuanguka nao.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa historia yetu. Katani haikuuawa na Natta peke yake. Brazili ilikuwa ikiongeza mashamba yake; baada ya mwaka 1967 mashamba mengi yalipita mikononi mwa umma kwa haraka kuliko wataalamu walivyoweza kuandaliwa; wafanyakazi walipungua; mitambo ilichakaa. Ninachosema ni kwamba matatizo hayo yote yalilikuta zao lisilo na akiba ya maarifa juu ya matumizi mengine. Jani la mkonge hutoa katani kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake au pungufu, yaliyobaki yalimwagwa. Ilichukua hadi miaka ya 2000 kwa mtambo wa kugeuza masazo hayo kuwa gesi na umeme kujengwa katika shamba la Hale, mkoani Tanga. Hakuna sheria ya kemia iliyozuia jambo hilo kufikiriwa miaka 40 nyuma. Zanzibar nayo ilikuwa na nafasi kama hiyo. Mnunuzi wake mkubwa wa karafuu, Indonesia, alianza kupanda mikarafuu yake mwenyewe kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa anajitosheleza. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aliyehesabu miche iliyopandwa Indonesia angeweza kuuhesabu pia mwaka ambao meli zitaacha kuja.

Kinywe cha leo

Kwa nini tuyafukue haya sasa? Kwa sababu tuna katani mpya, nayo ni kinywe. Madini haya, ambayo ni kaboni safi katika tabaka zinazoteleza, yapo kwa wingi Mahenge, Ruangwa na kwingineko nchini, na gari moja la umeme huhitaji makumi ya kilo kwa ajili ya upande hasi wa betri yake. Magazeti yameandika mengi juu ya neema hiyo. Mimi pia nafurahi, lakini yapo mambo ambayo mwanakemia angeyataja kama angeulizwa.

La kwanza, kinywe hutengenezwa pia viwandani kutokana na masazo ya petroli na makaa, na sehemu kubwa ya kinywe kilichomo katika betri za magari hivi sasa ni hicho cha kiwandani. La pili, kazi ya kukisafisha na kukifinyanga kinywe cha ardhini kiwe chembe mviringo za betri imekusanyika karibu yote nchini China. Mwezi wa Desemba 1923 isingemhusu mtu wa Mahenge, lakini mwezi wa Desemba 2023 China ilipoanza kudhibiti uuzaji wa aina fulani za kinywe nje, bei na mikataba ya dunia nzima iliguswa. La tatu, silikoni huhifadhi nguvu nyingi kuliko kinywe kwa uzito uleule, na tayari huchanganywa nacho kidogo kidogo. Tatizo lake ni kuvimba na kupasuka, na maabara nyingi zinashughulika kulitatua. La nne, betri za sodiamu, ambazo kampuni kubwa ya China ilizitangaza mwaka 2021, hazitumii kinywe kabisa. Upande wake hasi ni kaboni ngumu, isiyo na tabaka nadhifu, ambayo yaweza kutengenezwa kwa mimea.

Siyasemi hayo ili migodi ifungwe. Nikel na kobalti zimekwisha kuonyesha jinsi mambo yanavyoenda: betri za chuma na fosfati, zisizo na madini hayo mawili, zimechukua sehemu kubwa ya soko la magari katika muda wa miaka michache tu. Huenda kinywe kikadumu miaka 40. Huenda kikapata miaka 15. Tofauti kati ya miaka 40 na 15 ndiyo tofauti kati ya kujenga kiwanda cha kusafishia na kuuza mawe, kati ya kusomesha wanakemia 10 na kusomesha 200, na inaamua pia iwapo kijana wa Ulanga atafundishwa ufundi ambao utamfaa mgodi ukifungwa.

Namna ya kuanza

Miaka michache iliyopita nilialikwa katika warsha ya siku tatu juu ya mustakabali wa teknolojia. Ofisi iliyoiandaa sitaitaja. Wageni waliongoza, kila kitu kiliandikwa kwa Kiingereza, taarifa ikapigwa chapa kwenye karatasi nzuri, nami nilipoitafuta mwaka uliofuata mtunza maktaba hakujua ilipo. Kasoro haikuwa katika elimu ya waandalizi. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kurudi tena baada ya miaka mitano, wala hapakuwa na fungu lolote la bajeti lililosubiri majibu. Ufini, iliyotikiswa sana na kuanguka kwa Umoja wa Kisovyeti, iliunda mwaka 1993 kamati ya bunge ya mambo ya siku zijazo, na mwaka 2000 ikaifanya ya kudumu. Kamati hiyo haigawi fedha, ila huandaa jibu la bunge kwa taarifa ya serikali juu ya siku zijazo. Jambo la namna hiyo haligharimu sana.

Kwetu ningeanza padogo zaidi, kwa swala moja la kinywe, kwa Kiswahili, na kwa kuwachanganya watu wasiokutana: mwanakemia, mchimbaji, mhandisi wa umeme, afisa wa bandari, mwalimu wa chuo cha ufundi, mkulima wa pale migodi ilipo, mfanyabiashara anayeagiza pikipiki za umeme. Maswali yawe machache na ya kujibika kwa mwaka au kwa ndiyo na hapana. Ni mwaka gani kinywe cha kiwandani kitakuwa rahisi kuliko cha ardhini kwa kila matumizi ya betri? Ni mwaka gani Tanzania itaweza kusafisha kinywe hadi kiwango cha betri kwa wataalamu wake yenyewe, na wanahitajika wangapi? Masazo ya kinywe chetu kisichofaa betri yaweza kuingia katika viwanda gani vingine, kama vile vya vyuma, vilainisho na matofali ya tanuri? Ni mwaka gani betri za sodiamu zitatumika katika robo ya pikipiki na bajaji za miji yetu? Na kwa kuwa kaboni ngumu hutengenezwa, pamoja na vitu vingine, kwa vifuu vya nazi: vifuu vinavyotupwa kila mwaka tangu Tanga hadi Mtwara, Unguja na Pemba ni tani ngapi, na nani ameagizwa kuvihesabu? Karatasi hiyo ni ya kurasa mbili. Yaweza kupelekwa kwa watu 100 kabla ya masika, na mzunguko wa pili ukafuata kabla ya bajeti kusomwa.